Mjadala: Bruno S. aliigiza, au alionyeshwa tu?

Wanajamvi, nimeitazama tena Jeder für sich und Gott gegen alle, filamu ya 1974 ya mwongozaji Mjerumani Werner Herzog, na kuna kauli inanikera kila filamu hii inapotajwa: eti mwigizaji wake mkuu, Bruno S., hakuigiza, aliwekwa mbele ya kamera akawa yeye. Nakataa. Karibuni tubishane.

Kwa asiyeijua, inamhusu Kaspar Hauser, kijana wa miaka kama 16 aliyetokea mjini Nuremberg mwaka 1828, maneno yenyewe ya kuhesabu, akidai amekulia kifungoni gizani. Herzog hakutafuta mwigizaji mwenye jina. Alimchukua Bruno S., mtu wa Berlin aliyekulia kwenye taasisi za kufungia watu, akaja kuwa kibarua wa kiwandani anayepiga akodiani kwenye nyua za majengo. Alishavuka miaka 40!

Sasa tazama pale anapoletewa mshumaa. Ananyoosha kidole mpaka kwenye moto, anaungua, anarudisha mkono. Halii kwa sauti. Chozi tu linashuka, na uso bado unashangaa kwamba kitu kizuri vile kinauma.

Halafu kuna profesa wa mantiki. Anauliza: mtu katoka kijiji cha wakweli au cha waongo, utamjuaje kwa swali moja? Kaspar anafikiri, kisha anasema atamuuliza kama yeye ni chura wa mtini. Mwongo atasema ndiyo! Profesa anakasirika, anakataa jibu. Bruno analitoa polepole, neno baada ya neno, macho makavu, bila kuomba tucheke. Mwigizaji mwingine angelichezea lile jibu likaharibika.

Na ile lugha yake ya kukokota si bahati. Bruno alizoea Kijerumani cha mtaani Berlin. Humu ilibidi aseme Kijerumani sanifu, karibu kama lugha ya kujifunza upya. Hiyo ni kazi, jamani.

Wanaosema alitumiwa nawasikia, tena hoja yao nzito. Alirudi kwenye muziki wa mitaani, na uzeeni alilalamika kwamba alitupwa. Alifariki 2010. Lakini kutendewa vibaya baada ya kazi hakufuti kazi. Tukisema "alikuwa yeye tu", si tunamnyima hata kile alichokifanya kwa mikono yake?

Anayepinga aanze na ule mshumaa.