Tarantino, Scorsese au Kurosawa: nianze na kitabu kipi?

Mhariri_wa_Harusi
Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, ila moyo uko kwenye filamu. Hela niliyonayo ni ya kitabu kimoja. Nataka mwongozaji anayeeleza filamu zilizomlea, siyo mambo ya kamera gani ununue. Nimebakiza vitatu: Cinema Speculation cha Tarantino (2022), A Personal Journey cha Scorsese (1997) na Something Like an Autobiography cha Kurosawa wa Japani. Mnasemaje?

Binti_Sinema
Tarantino, sina haja ya kufikiri mara mbili. Anaanza akiwa na miaka 7 Los Angeles, mama yake anampeleka kuona filamu za wakubwa. Halafu zinafuata Dirty Harry, Deliverance na nyingine za miaka ya 70, kila moja anaichambua kama mtu aliyekaa kijiweni anabisha. Kuna sura nzima anajiuliza: Taxi Driver ya Scorsese ingekuwaje kama angepewa mwongozaji mwingine, Brian De Palma? Hapo chai ilinipoa mezani.

Mzee_Kanda
Binti, nimekisoma. Utamu upo, lakini kama hizo filamu hujaziona ni sawa na kusimuliwa mechi ya juzi. Cha Scorsese kinakushika mkono. Anawapanga waongozaji wa Marekani kwa tabia: msimulizi, mwanamazingaombwe, mpitisha magendo, mkaidi. Huyo wa magendo ndiye ninayempenda mimi: studio inamtaka atoe filamu ya kawaida ya bajeti ndogo, yeye anaficha humo yale anayotaka kusema. Ila kitabu kimetokana na makala ya televisheni ya 1995, ya karibu saa nne. Ukiipata hiyo, hela yako imepona.

Kibanda_Umiza
Mkuu, wewe unahariri harusi, nunua Kurosawa. Kaka yake Heigo alikuwa benshi, yaani msimulizi anayekaa kando ya pazia na kuwasemea waigizaji enzi za filamu bubu. Sisi tuliokua na wasimulizi wa filamu kama Lufufu, au DJ Afro kwa ndugu zetu wa Kenya, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kaka ndiye aliyemfundisha cha kuangalia, na kitabuni kuna orodha ya filamu karibu mia alizoona utotoni na ujanani. Kisha zikaja filamu zenye sauti, mabenshi wakakosa kazi. Heigo alijiua 1933. Nilikifunga kitabu siku mbili.

Mzee_Kanda
Hapo umenishinda. Nilikuwa nimemsahau huyo kaka.

Mhariri_wa_Harusi
Kaka yangu ndiye aliyekuwa ananilipia kwenye kibanda cha video. Nachukua Kurosawa.

Binti_Sinema
Haya, ila ujue kinaishia kwenye filamu yake Rashomon, ya 1950. Usije humu kulalamika kwamba Seven Samurai, aliyoitoa baadaye, huioni.