Mrejesho: waya za pesimeka ya mama ziliwekwa wapi

Wakuu nimerudi. Niliuliza kuhusu mama, umeme wa moyo umekatika kabisa kati ya vyumba vya juu na vya chini, anawekewa pesimeka (mashine ndogo ya kuupigisha moyo kwa umeme) ya waya mbili, mmoja chumba cha juu na mmoja cha chini, na sikuelewa ule waya wa chini ukae wapi.

Asanteni sana jamani. Aliyeniambia niulize moyo utaitegemea mashine kiasi gani, Mungu akubariki, maana jibu lilikuwa karibu muda wote, na hapo daktari akafafanua kwamba waya ukikaa kwenye ncha ya ventrikali (chumba cha chini) ya kulia ni rahisi kuweka ila upande wa kushoto unachelewa kupiga, na kwa wengine moyo unadhoofika baada ya muda. Wakajaribu kwanza kifungu cha His (njia ya asili inayoshusha umeme kwenda vyumba vya chini), haikufaa, ilitaka volti nyingi ambazo zingemaliza betri mapema, basi wakahamia eneo la tawi la kushoto la njia hiyo, waya ukapenyezwa ndani ya ukuta wa katikati na ukashika vizuri. QRS yake (muda ambao umeme unachukua kuenea vyumba vya chini, unapimwa kwenye ECG) sasa ni milisekunde 114.

Waya wa tatu mliopendekeza, wa kupigisha upande wa kushoto, hatukuweka, moyo wake bado unasukuma damu vizuri.

Kilichotuumiza ni waya wa juu, ulichomoka wiki ya pili, ikabidi arudi tiata. Mkono alikuwa hanyanyui kabisa, jamani, na bado ukachomoka.

Leo miezi minne, hazimii tena, ngazi anapanda mwenyewe.