Kujiandaa kwa mbio za milimani ukiwa Pemba: gia zipi, na mazoezi yapi?

Kijana wa Wete aliuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mkaazi wa Wete na naendesha baskeli ya mbio kwa ridhaa, pamoja na wenzangu wachache tunaotoka alfajiri kabla ya kwenda makazini. Nimejiandikisha katika mashindano ya ridhaa huko bara, ambayo yatapanda kutoka Mombo hadi Lushoto na kurudi kwa barabara hiyo hiyo. Vilima vya Pemba nimevizoea, na barabara kongwe ya Chake hadi Wete haina huruma kwa mtu yeyote, kwani hujamaliza kilima kimoja kingine kimeshakukabili. Hata hivyo, kila kilima chetu humalizika ndani ya dakika chache, kisha unashuka na pumzi inarudi. Sijawahi kupanda kwa zaidi ya saa nzima bila ya kushuka.

Baskeli yangu ina gia za mbele zenye meno 53 na 39, na gia kubwa ya nyuma ina meno 25. Mwenzangu mmoja ananisisitizia ninunue gia za mbele ndogo zaidi, na mwingine anasema nisipoteze fedha, bali nipunguze mwili. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, hasa kuhusu mahali na namna ya kufanya mazoezi.

Fundi wa Chake alijibu:

Waalaykum salaam. Kabla hujanunua chochote, tazama mpando wenyewe. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni takriban kilomita 33, na barabara inapanda karibu mita 1,000, maana yake wastani wa mwinuko ni kama asilimia 3. Ulinganishe na Alpe d'Huez ya Ufaransa, ambayo watu wengi huiona kwenye televisheni wakatishika: ile inapanda zaidi ya mita 1,000 ndani ya kilomita 13.8 tu, kwa wastani wa asilimia 8.1. Kimo kinakaribiana, lakini kazi ya miguu si moja, kwa sababu gia huchaguliwa kwa ukali wa mwinuko, na urefu wa mlima hausemi mengi juu ya hilo.

Tuchukulie kwamba wewe na baskeli yako mna kilo 80, na kwamba miguu yako inaweza kudumu na nguvu ya wati 200. Kwenye mwinuko wa asilimia 3 utakwenda karibu kilomita 20 kwa saa, na kwa mwendo huo gia ya 39 kwa 25 inakutosha bila taabu. Tatizo ni kwamba wastani unaficha. Sehemu kubwa ya mpando iko kati ya Mombo na Soni, mji mdogo wa njiani, ambako barabara inajipinda kandokando ya bonde, na baada ya Soni ndipo inapolegea. Ukikuta kipande cha asilimia 6, wati zile zile zitakupa kama kilomita 13 kwa saa, na pedali zako zitazunguka mara 67 hivi kwa dakika. Kwa dakika mbili si kitu, lakini ikiendelea hivyo magoti yatakudai.

Kwa hiyo ningekushauri uache gia za mbele kama zilivyo na ubadilishe za nyuma tu, uweke yenye meno 28 ili pedali ziwe nyepesi zaidi. Ni rahisi zaidi, na kibadilisha gia cha nyuma (kile kinachohamisha mnyororo) cha mkono mfupi kwa kawaida huipokea. Mwambie fundi wako apime upya urefu wa mnyororo, kwa kuutia kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja huku baskeli ikiwa imening'inizwa. Mnyororo ukiwa mfupi, siku utakayoteleza ukaweka gia hizo mbili utang'oa kibadilisha gia chote, na huko njiani hakuna wa kukusaidia.

Mwana Unguja alijibu:

Kuhusu mazoezi, mimi ningetafuta upepo kabla ya kutafuta kilima. Sisi wa Unguja tuna kilima cha Masingini tu, na hata huko ukipanda huchukui muda. Msimu wa kusi, barabara ya kutoka Tunguu kwenda Paje inakupa upepo wa uso unaokusukuma nyuma bila ya kukuachia, na ukikaa kwenye nguvu ile ile kwa dakika 20, ukapumzika kidogo na kurudia, mwili unajifunza kile ambacho vilima vyenu vifupi haviwezi kuufunza, yaani kufanya kazi bila ya kusubiri mteremko. Pemba tafuteni kipande cha barabara kilicho wazi mfanye hivyo hivyo. Vilima vibakie kwa siku moja ya wiki.

Msafiri wa Mkoani alijibu:

Nashangaa kwamba nyote mmezungumzia kupanda, na hali mashindano yenyewe yanarudi kwa njia ile ile. Wengi wetu visiwani hatujui kushuka. Kilima cha bandarini hapa Mkoani ni kikali, lakini unakimaliza kabla breki hazijapata moto. Kwenye mteremko wa kilomita nyingi, mtu anayeshikilia breki mfululizo anapasha rimu moto, hewa ya ndani inatanuka, na mpira unaweza kupasuka ukiwa kwenye kona. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, achia, uingie kwenye kona ukiwa umeshapunguza mwendo. Hilo unaweza kulizoea hapo hapo Wete kwa kurudia kona moja mpaka mkono uzoee. Kagua pia mipira ya breki kabla ya kuvuka bahari, na uvae fulana nyepesi ya mikono mirefu utakapofika juu, kwa sababu Lushoto iko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari na jasho la kupanda litakugandia mwilini unaposhuka.

Na huyo anayekwambia upunguze mwili, hakukosea kwa hesabu, maana kila kilo unayoibeba unailipia mlimani. Lakini kama mashindano yamekaribia, usijinyime chakula kwa ajili ya kilo mbili.

Kijana wa Wete aliandika:

Nashukuru sana. Nitabadilisha gia za nyuma pekee. Je, chakula cha njiani?

Fundi wa Chake alijibu:

Kwa kila saa moja, gramu 30 hadi 60 za wanga zinatosha mtu wa ridhaa: tende, ndizi mbivu, au halua yenu ya Wete iliyokatwa vipande vidogo na kufungwa kimoja kimoja kwenye karatasi. Vifungue nusu kabla ya kuanza, kwani mkono wenye jasho haufungui karatasi ya halua huku mwengine ukishika usukani. Anza kula ukiwa bado hujaisikia njaa, kabla ya kufika Soni.