Miezi mitatu nimelipia kitanda kwa jembe Lushoto, na bado naambiwa sina shukrani

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu, asije baadaye kuniandikia "fupisha mkuu". Nimekaa na hili jambo wiki tatu na limegoma kushuka.

Mimi ni kijana wa Mbinga, nimemaliza chuo kikuu cha kilimo, SUA, na ajira ndiyo hizo mnazozijua. Mwezi wa pili nikaona tangazo: shamba la familia, milima ya Usambara, wanafanya kilimo cha kurejesha uhai wa udongo, wanatafuta vijana "wenye moyo". Kazi saa 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Wao wanatoa chumba, chakula na mafunzo. Mshahara hakuna, na hawakuficha. Jina la shamba silitaji, wala msinifuate PM kuniuliza.

Nianze kwa kuwatendea haki, kwa sababu najua wapo watakaokuja na "si ulijua hulipwi, sasa unalia nini?" Makubaliano yale yalikuwa ya haki kabisa, na nimeyapigia hesabu. Kibarua pale kijijini analipwa 6,000 kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 7 mchana, yaani 1,000 kwa saa. Chumba cha kawaida Lushoto mjini nilikiulizia, 30,000 kwa mwezi. Chakula tukadirie 3,000 kwa siku, na hapo nimewapendelea. Kwa mwezi ni 120,000, miezi mitatu 360,000. Saa 25 kwa wiki kwa wiki 13 ni saa 325, sawa na 325,000. Mnaona? Kwa makubaliano yale, wao ndio waliokuwa wananizidishia kidogo. Ningekaa mwaka mzima bila kunung'unika.

Sasa twende kwenye kilichotokea.

Nilishuka Mombo jioni, nikapanda kule juu, nikafika usiku na ukungu wake. Mama mwenye nyumba akanipokea vizuri sana, chai ya mchaichai, "karibu mwanangu, hapa sisi ni familia". Baba naye akasema nisimwite bosi, nimwite Baba. Nikafurahi. Nikaonyeshwa chumba. Wakuu, kile chumba ni stoo ya mbegu. Kitanda cha futi tatu na nusu kimebanwa kati ya magunia ya ngwara na marejea, mbegu za mimea ya kurutubisha udongo, na usiku panya wanakula ngwara kama wamealikwa harusini. Dirisha halina kioo, lina kiroba kimepigiliwa misumari. Nikajisemea ni sawa, nimekuja kujifunza, sikuja hotelini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi niliamshwa kesho yake saa 11 alfajiri nikamshike ng'ombe mguu wakati anakamuliwa. Chai nilikunywa saa 3.

Kwa ambao hawajawahi kufanya kilimo cha aina hii, niwaeleze jambo moja, maana ndilo kiini cha malalamiko yangu. Mbolea ya dukani hutumii. Dawa ya magugu hutumii. Trekta huingizi, na kwenye mteremko ule lisingepita hata ungelitaka. Udongo haugeuzwi, unafunikwa matandazo mwaka mzima. Yote hayo ni mazuri, nayaamini, nimeyasomea. Lakini kazi ambayo ingefanywa na dawa na trekta haikuyeyuka, imehamia mikononi. Matandazo hayaji yenyewe, mtu anafyeka majani bondeni, anafunga mizigo, anapanda nayo kichwani. Biwi la mboji halijigeuzi. Unachomeka fimbo katikati, unaiacha, unaichomoa, ukiikuta ina joto biwi linafanya kazi, ikiwa ya baridi unaanza kuchanganya upya na samadi mbichi, tani nzima, kwa koleo, wewe na mgongo wako. Pale palikuwa na mabiwi sita. Sasa uliza: hiyo mikono ni ya nani, na nani anailipa? Mboga zinashushwa Dar kila Alhamisi, kikapu kimoja 35,000, na kwenye karatasi ya kikapu wameandika eti hakuna kilichonyonywa, si udongo wala mtu. Karatasi hiyo nilikuwa naibandika mimi, usiku, kwa gundi, baada ya chakula. Saa za kubandika hazikuhesabiwa kwa sababu "hiyo si kazi ya shamba".

Nilikuwa na daftari. Kila siku naandika nilipoanza na nilipomaliza. Wiki ya kwanza saa 31. Nikasema wageni wazoeane kwanza. Wiki ya nne saa 52. Nikamfuata Baba kwa adabu zote, nikamsalimia, nikamwambia Baba naona saa zimeongezeka kidogo. Akacheka, akanigusa bega: "Kijana wangu, udongo hauna saa. Na kwenye familia hatuhesabiani."

Haya, hatuhesabiani. Siku hiyohiyo usiku Mama akanikumbusha kwamba mwenye kuchaji simu zaidi ya mara moja kwa siku anachangia umeme 500.

Na mezani sikuwa nakaa. Familia inakula ndani, mimi nakula jikoni na dada wa kazi. Makande siku nne kwa wiki, mboga ni yale majani ya kabichi ya nje yasiyoingia kwenye kikapu. Simchukii dada yule, alikuwa ananifichia maziwa. Nasema tu hiyo familia ilikuwa na mlango, na mimi nilikuwa upande wa pili.

Mwezi wa tatu akaja binti mmoja kutoka Uholanzi, wiki tatu, naye wa kujitolea vilevile. Alipewa chumba cha wageni chenye maji ya moto. Anafanya kazi hadi saa 5 asubuhi, halafu anapelekwa Irente kutazama bonde la Mkomazi kutoka juu, mimi ndiye namfungia chakula cha njiani. Binti wa watu hana kosa, mtu mzuri sana, na ndiye aliyenifumbua macho. Alinionyesha ujumbe aliotumiwa: saa 4 kwa siku, na siku mbili za mapumziko "hazijadiliwi". Shamba lilelile, mwezi uleule. Alipoona daftari langu alinyamaza, kisha akaniambia utaratibu huu wa kubadilishana kazi na malazi ulianza Uingereza mwaka 1971. Mama mmoja aliyekuwa katibu muhtasi London, Sue Coppard, alitaka watu wa mjini wapate kwenda mashambani mwisho wa juma wakashike udongo. Mwisho wa juma, wakuu! Mtu ana kazi yake, Jumatatu anarudi ofisini. Sisi tumeuchukua tukamvisha kijana asiye na ajira kwa miezi mitatu, tukauita moyo.

Sasa nije kwenye lililonivunja.

Shamba lina mteremko mmoja upande wa mashariki ambao mvua ya masika ilikuwa inaukwangua kila mwaka. Walishapanda mistari ya majani ya Guatemala, yale yaliyoenezwa Lushoto miaka ya 1980 na SECAP, mradi wa Wajerumani wa kuzuia mmomonyoko, lakini katikati ya mistari udongo ulikuwa bado unakimbia. Nikamwambia Baba, kwetu Umatengo, huko Mbinga, mteremko kama huu ni ngolo. Hakuwa anaijua vizuri, akasema nionyeshe.

Nikaonyesha. Unafyeka majani yakiwa marefu, unayaacha yakauke siku kadhaa. Kisha unayapanga kwa mistari inayokatana, yanatoka maboksi, hatua mbili hivi kila upande. Halafu unaingia katikati ya boksi na jembe, unachimba, udongo unaurushia juu ya majani pande zote nne. Majani yanazikwa, yanakuwa kuta, katikati linabaki shimo. Maharage unapanda juu ya kuta. Mvua ikija inaingia mashimoni inatulia, na ukipalilia magugu unatupia humohumo yakaoze. Kwetu wanaume ndio hufyeka na kupanga majani, kufunika udongo ni kazi ya wanawake. Bibi yangu angeniona nafanya yote mawili peke yangu angecheka hadi akae chini. Siku 11 zilinitosha kumaliza ule mteremko. Masika ilipokolea, siku ya mvua kubwa nilikwenda kusimama pale na mwavuli, nikaona maji yametulia kwenye mashimo, na chini kabisa kwenye mfereji yanatoka maji meupe. Wakuu, sijawahi kujisikia vile tangu nimalize chuo.

Wiki mbili baadaye naambiwa kuna wageni Jumamosi, niwaonyeshe "kile kitu chako". Wakaja watu 14. Nimewaelekeza kuanzia asubuhi hadi saa 10 jioni, nimewachimbia mfano, nimejibu maswali. Wakati wa kuondoka mama mmoja kutoka Tanga ananishukuru, ananiambia elfu 60 yake haijapotea. Nikamuuliza elfu 60 gani? Kumbe ni warsha. Kichwa 60,000. Zidisheni wenyewe: 840,000. Kwenye tangazo la warsha mkufunzi ni Baba, na ngolo imeandikwa kuwa ni "mbinu iliyobuniwa shambani kwetu". Iliyobuniwa! Wamatengo wanachimba ngolo tangu kabla Mjerumani hajaingia nchi hii.

Wiki hiyo daftari lilisoma saa 66. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki kwa mfanyakazi anayelipwa mshahara, siku zisizozidi sita. Mimi nisiyelipwa nimempita.

Sikusema kitu siku ile. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimeahidiwa barua ya kuthibitisha mafunzo, nikaogopa kuikosa. Hapo najilaumu mwenyewe.

Mwisho wa mwezi wa tano nikajikata na panga kwenye mguu nikifyeka Guatemala. Kidonda kirefu, nimeshonwa nyuzi sita. Dawa, kushonwa na bodaboda, jumla 27,000 kutoka mfukoni kwangu. Niliporudi nikichechemea Mama akasema pole mwanangu, kisha akasema ila hapa hakuna mwajiri, kila mtu anajitolea kwa hiari yake, kwa hiyo hayo ya matibabu ni ya mtu binafsi. Yaani nikifanya kazi ni mtoto wa nyumbani, nikiumia ni mtu binafsi. Siku mbili baadaye akaniuliza kama naweza kukaa chini na kubandika karatasi za vikapu, maana "mikono si mizima?"

Kuna mzee jirani, Msambaa, alikuwa anakuja kufanya kibarua cha kulipwa pale. Nilipomuaga akaniangalia mguu, akaniambia: "Baba zetu walilazimishwa kuchimba matuta na Mwingereza, wakagoma. Wewe umekuja mwenyewe kwa basi." Nilicheka, lakini ilinichoma. Wanaojua historia ya Usambara miaka ya 1950 na yale matuta ya lazima wataelewa alichomaanisha.

Nimeondoka tarehe 2 Juni. Niliomba barua yangu, Baba akasema barua ni ya wanaomaliza "msimu", na mimi nimekatisha. Msimu upi, hakuna aliyewahi kuutaja. Jumla ya daftari ni saa 624, yaani 624,000 kwa bei ya kibarua. Toa 360,000 ya chumba na chakula, inabaki 264,000, hapo sijagusa warsha wala matibabu. Nilimtumia hesabu hiyo kwa ujumbe, kwa heshima, nikianza na shikamoo. Akajibu kwamba amehuzunika kuona nilikuja shambani na roho ya pesa. Juzi nimeona wametoa tangazo jipya la vijana wenye moyo. Picha waliyoweka ni mimi, nimeinama ndani ya ngolo, uso hauonekani lakini fulana ni yangu.

Ninachoomba ni kwa wanaojua sheria. Nimesoma kwamba migogoro isiyo ya kuachishwa kazi inapelekwa CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60. Mimi sina mkataba wa maandishi, nina tangazo lao la kwanza nililolipiga picha, ujumbe wa simu, risiti ya zahanati na daftari lenye tarehe zote. Je, CMA watanipokea kama mfanyakazi, au watasema nilijitolea? Na hiyo picha, ninaweza kuwalazimisha waitoe? Leo ni siku ya 22, na nauli ya kwenda Tanga ninayo moja tu.