Naomba ushauri: picha za setilaiti zinaonyesha msitu juu ya mfongo wetu unakufa. Niende nazo mkutanoni?

Katibu_wa_Mfongo (Moshi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni katibu wa kikundi cha watumia maji, upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro. Mfongo wetu, yaani mfereji wa kumwagilia, ni wa tangu enzi za mababu. Misimu mitatu sasa maji yanapungua; zamu ya kumwagilia iliyokuwa siku nzima imekuwa nusu siku, na ugomvi haukauki hata maji yakikauka. Wajumbe wanasema kijiji cha juu wanakata msitu.

Kwa kuwa nilisoma kidogo mambo ya ramani chuoni, nikajitia kimbelembele: nikasema nitaleta ushahidi kutoka angani. Picha ya Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ya Februari 2019 nilikuwa nayo kwenye diski ya rafiki niliyesoma naye. Ya Februari 2023 nikaipakua mwenyewe kutoka Copernicus, tovuti yao ya picha za bure. Faili moja karibu gigabaiti nzima! Bando la wiki likaisha usiku mmoja, na mama watoto hajui mpaka leo.

Nikaziingiza kwenye QGIS, programu ya ramani, nikakokotoa NDVI, yaani kipimo cha ukijani wa mimea, kwa bendi ya 8 (mwanga usioonekana kwa macho, ambao majani huurudisha kwa wingi) na ya 4 (mwanga mwekundu): tofauti yao kugawanya kwa jumla yao. Msitu ule ule, mwaka 2019 unasoma 0.84, mwaka 2023 unasoma 0.55. Nilishtuka.

Mkutano ni Jumamosi. Barua ya kukishtaki kijiji cha juu imeshaandikwa, inasubiri ramani tu. Nauliza kama ramani hii inatosha, na kama kuna data nyingine za bure za kuongezea. Naombeni mnijibu kabla sijapigana na wakwe, maana mke wangu katokea kijiji hicho hicho.

Bodaboda_Msomi

Nimevuta kigoda, nasubiri wataalamu. Ila mangi, kuwashtaki wakwe kwa setilaiti? Hicho ni kiwango kingine.

Binti_Tengeru (Arusha)

Kaka, hiyo barua ishike kwanza.

Msitu wa mvua ukitoka 0.84 mpaka 0.55 huhitaji setilaiti kuujua, ungeuona kwa macho ukiwa stendi. Kabla ya kuwalaumu watu, ilaumu picha. Fungua zote mbili, bendi ya 8 yenyewe, kabla ya kukokotoa chochote. Nenda Ziwa Chala, bofya katikati ya maji. Maji yenye kina humeza karibu mwanga wote wa bendi hiyo, kwa hiyo namba iwe ndogo, na miaka miwili ile isipishane sana. Halafu niandikie jina la faili: kuna herufi N inayofuatiwa na tarakimu nne.

Katibu_wa_Mfongo

Dada, nimerudi. Chala 2019 inasoma 120 na kitu, 2023 inasoma 1130. Majina ni N0211 na N0509. Ziwa limebadilika rangi au?

Binti_Tengeru

Ziwa halina neno. Umeingia kwenye shimo ambalo wengi tumelitumbukia, mimi mwenyewe nililala nalo wiki mbili nikiandika tasnifu.

Tarehe 25 Januari 2022 wasindikaji wa Sentinel-2 walibadilisha namna ya kuandika namba. Kwenye maeneo yenye giza sana hesabu zilikuwa zinaangukia chini ya sifuri na kukatwa, kwa hiyo wakaamua kila pikseli, yaani kila kisanduku kidogo cha picha, iongezewe 1000. Faili ambalo namba yake baada ya N inaanza na 04 au 05 lina hiyo nyongeza. Lako la 2019 ni la usindikaji wa zamani, halina. Ungelipakua leo hilo hilo la 2019 ungelipata limesindikwa upya, likiwa na nyongeza pia. Ndiyo maana faili la diski ya rafiki limekuponza.

Angalia hesabu yako. Tuseme msitu una 300 kwenye bendi ya 4 na 3500 kwenye bendi ya 8. Tofauti ni 3200, jumla 3800, unapata 0.84. Ongeza 1000 kila upande: tofauti inabaki 3200, lakini jumla inakuwa 5800. Unapata 0.55. Umeziona namba zako? Hakuna mti hata mmoja uliokatwa kwenye hesabu hiyo.

Toa 1000 kwenye bendi zote mbili za 2023, ukokotoe tena.

Na acha kuunguza bando. Ukiwa na akaunti ya Google Earth Engine, huduma ya Google ya kuchambua picha za setilaiti mtandaoni, ambayo kwa kazi isiyo ya biashara ni bure, picha zinakaa kwao na hesabu inafanyika kwao. Wewe unashusha ramani ndogo ya mwisho tu. Chagua mkusanyiko wa Sentinel-2 wenye jina linaloishia HARMONIZED, ule wameshatoa hiyo 1000. Kama hutaki kuandika amri, kivinjari cha Copernicus kinakuonyesha NDVI papo hapo, hata kwa simu.

Katibu_wa_Mfongo

Nimekaa kimya dakika kumi. Nimetoa 1000. 2023 inasoma 0.83.

Dada, barua ilikuwa na mihuri miwili.

Bodaboda_Msomi

😂😂😂 Wakwe wameokolewa na Ziwa Chala.

Mzee_wa_Kihamba (Marangu)

Vijana, nami niseme neno. Sijui hizo bendi, lakini mjukuu wangu aliwahi kunionyesha ramani moja ya dunia ya misitu, na kihamba changu, shamba la nyumbani, kimepakwa kijani kibichi kama vile ni msitu wa serikali. Mle ndani nina migomba, kahawa, miringaringa na mruka mmoja aliouacha baba. Ukitazama kutoka juu unaona vichwa vya miti tu. Sasa mtu akikata kahawa yote chini akapanda maharage na kuiacha miringaringa, hiyo mashine itajua?

Binti_Tengeru

Shikamoo mzee. Haitajua, na hapo umegusa penyewe. Zile ramani za dunia za miti zinahesabu kivuli cha mti wowote mrefu. Hazitofautishi kihamba na msitu wa asili. Ukikata mringaringa wako kupata mbao, inaandikwa kwamba msitu umepotea. Ndiyo maana katibu akitaka kusema habari ya msitu, akate ramani yake kwa mpaka wa hifadhi kwanza. Mipaka ya maeneo ya hifadhi inapatikana bure, na msitu wenyewe wa kusini uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ule ukanda wa nusu maili chini yake autazame peke yake.

Mzee_wa_Kihamba

Marahaba mwanangu. Basi mimi na mashine tuko sawa, hakuna anayejua zaidi.

Mvua_za_Kahe

Naongezea upande wa mawingu na mvua, maana watu wengi wanapigwa hapo.

Sentinel-2 na Landsat, setilaiti za Marekani, hupita huku kwetu kati ya saa nne na nusu na saa tano asubuhi. Mtu wa Moshi anajua: saa kumi na mbili mlima uko wazi, ikifika saa nne umeshajifunika shuka. Setilaiti inakuja wakati mwenyeji ameshafunga mlango. Kwa hiyo Sentinel-2 kurudi kila siku tano isikudanganye. Kwa mteremko wa kusini unaweza kumaliza masika yote bila picha moja safi. Januari na Februari ndiyo afadhali. Usichukue picha moja, chukua zote za miezi hiyo miwili, futa mawingu na vivuli vyake, halafu tafuta thamani ya katikati kwa kila pikseli. Rada ya Sentinel-1 inapenya mawingu, kweli, ila kwenye miteremko mikali picha inalala upande na mabonde mengine yanajificha. Kwa anayeanza, aiache.

Pia usilinganishe mwaka mmoja na mwaka mmoja. Vuli ya 2019 ilimwaga Afrika Mashariki nzima, kwa hiyo ukiifanya Februari 2020 kuwa mwaka wa kawaida, miaka yote inayofuata itaonekana ya ukame. Chukua CHIRPS, data ya mvua inayoanzia 1981, ni bure kabisa, uone mwaka wako umekaaje kati ya wenzake. Ujue tu kwamba kisanduku chake kimoja ni kama kilomita tano kwa tano. Huku kwetu kilomita tano za kupanda mlima ni hali ya hewa nyingine.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi kuna Landsat, ya kwanza ilirushwa 1972 na hazina yote ni bure tangu 2008. Omba njia ya 168, safu ya 62, ndizo namba za eneo letu kwenye gridi yao. Picha za Landsat 7 kuanzia Mei 2003 zina michirizi myeusi, kifaa kiliharibika angani. Wasije wajumbe wakakuambia hiyo ndiyo mifongo.

Fundi_Banio

Mimi si mtu wa kompyuta, nimejenga mabanio, yale ya kuingiza maji ya mto mfongoni, miaka ishirini. Nauliza swali la kijinga: mfongo una upana gani?

Katibu_wa_Mfongo

Sentimita themanini hivi, fundi.

Fundi_Banio

Na hicho kipande kidogo kabisa anachokiona Sentinel?

Katibu_wa_Mfongo

Mita kumi.

Fundi_Banio

Basi maji yako haoni, anaona miti iliyo karibu na maji yako. Toka ofisini. Chukua chungwa, kamba ya mita kumi na simu yenye saa. Tafuta sehemu iliyonyooka karibu na banio, pima upana na kina. Tupa chungwa, hesabu sekunde. Upana mara kina mara mwendo, halafu mara 0.85 kwa sababu maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini. Nenda kafanye hivyo hivyo mwisho wa mfongo, kabla ya shamba la kwanza. Kumbukumbu za mto wenyewe waulize watu wa Bonde la Pangani, ofisi yao iko hapo hapo Moshi.

Katibu_wa_Mfongo (Alhamisi)

Mrejesho, wakuu.

Tumekwenda asubuhi na vijana wawili. Kwenye banio: upana 0.8, kina 0.25, chungwa limetumia sekunde 20. Ni lita 85 kwa sekunde. Chini kabla ya shamba la kwanza: upana ule ule, kina 0.15, sekunde 25. Lita 41 hivi.

Zaidi ya nusu inapotelea njiani, na njiani hakuna shamba la mtu wa kijiji cha juu. Tukaufuata mfongo kwa miguu. Kuna mahali ng'ombe wanavuka, ukingo umebomoka, na maji yanatiririka kwenye magugu mpaka korongoni. Majani pale yamenona kweli kweli. Nimerudi kwenye picha ya Februari: kuna kadoa ka kijani kibichi pale pale, pikseli nne tu, na nilikuwa nimekapita mara mia nikiutazama msitu.

Hilo ni tobo moja. Halielezi misimu yote mitatu, kwa hiyo CHIRPS naianza usiku huu, na Bonde nakwenda kesho. Jumamosi napeleka vipimo vya chungwa na picha ya hizo pikseli nne. Barua nimeichana, mihuri na yote.

Mzee_wa_Kihamba

Vizuri mwanangu. Majembe Jumatatu, na wa juu waiteni, banio ni lenu wote. Chungwa mlilifanyaje?

Katibu_wa_Mfongo

Mzee, la pili lilinasa kwenye magugu ya lile tobo. La kwanza alilidaka mtoto mmoja kule chini, akala huku anatutazama.