Filamu tano za kimataifa, Oscar 2024: mimi ningeipa Io Capitano. Nyie?

Mkongwa_Makole
Wakuu, heshima kwenu. Wiki mbili hizi, kila umeme ukikaa, nimekuwa nikizitazama filamu tano zilizoshindania Oscar ya Machi 2024 kwenye kundi la filamu za kimataifa. Jana nimemaliza ya mwisho. Tuzo ilichukuliwa na The Zone of Interest ya Uingereza. Mimi nasimama na Io Capitano ya Italia.

Ni vijana wawili wa Dakar, Seydou na binamu yake Moussa. Wanatoroka nyumbani, wanapita Niger na Sahara hadi Libya, na mwisho Seydou, mtoto wa miaka 16 ambaye hata kuogelea hajui, anakabidhiwa boti iliyojaa watu avuke nayo hadi Italia. Kuna mahali jangwani mama mmoja anaanguka. Msafara hausimami. Seydou peke yake anarudi kumpa maji, na mama anakata roho. Baadaye kijana anamwona yule mama anaelea hewani, yeye kamshika mkono anatembea naye, kama mtoto na kishada chake. Nilisimamisha filamu nikatoka nje kidogo.

Mimi ni wa Kongwa. Juni 2012 Waethiopia zaidi ya 40 walikutwa porini Chitego wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, wakielekea kusini. Nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka watu wazima nyumbani walivyokuwa wakinyamaza tukiingia sisi watoto. Filamu hii ndiyo ya kwanza kunionyesha watu wale walikuwa nani kabla ya kupanda lori.

Binti_Nzuguni
Pole sana kaka, hilo la Chitego hata sisi hatujalisahau. Ila tuzo ilikwenda panapostahili.

The Zone of Interest ni familia ya Rudolf Höss, mkuu wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanaishi nyumba iliyopakana na ukuta wa kambi. Hakuna mtu hata mmoja unayeonyeshwa akiuawa. Unachoona ni bustani, watoto wanaogelea, mama anapanga maua. Unachosikia nyuma ya ukuta ni milio ya risasi, mbwa, watu wanalia. Mke anajaribu koti la manyoya lililotoka kambini, anajitazama kwenye kioo, anatia mkono mfukoni anakuta rangi ya mdomo. Anaijaribu. Mwenye koti hatajwi, na wewe unajua yuko wapi. Nimeona muvi nyingi za vita hiyo, hakuna iliyonikaba koo kama ule mkono ndani ya mfuko. Ndiyo maana ilibeba na Oscar ya sauti usiku uleule. Kama uliitazama kwa spika ya simu, kaka, rudia ukiwa na hedifoni.

Mwl_Mnyaturu
Mbona The Teachers' Lounge ya Ujerumani mmeiruka? Kwetu walimu hiyo ndiyo filamu. Wizi unatokea shuleni, wanafunzi wanapekuliwa pochi, mwalimu kijana haafiki, anategesha kamera ya laptopu yake ofisini ili kumnasa mwizi. Kuanzia hapo kila anachokigusa kinaharibika, na yeye nia yake ilikuwa njema.

Shule moja niliyowahi kufundisha ilipotea michango ya mtihani. Tulimshuku mtoto wa mpishi kwa sababu tu alikuwa na viatu vipya. Pesa zilionekana baada ya siku tatu ndani ya daftari la mahudhurio. Mtoto yule hakurudi darasani. Hadi leo nikipita sokoni namtafuta kwa macho.

ZabibuHombolo
Perfect Days, Japani. Mzee Hirayama anasafisha vyoo vya Tokyo, anasikiliza kanda, anapiga picha miti. Basi. Sisi wa kupogolea mizabibu tunamwelewa mtu anayefanya kazi ileile kila siku na kuifanya vizuri. Koji Yakusho alipewa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes 2023, na ilikuwa haki yake.

Chief_AreaC
Ya tano ni Society of the Snow ya Hispania, ile ndege iliyoanguka milima ya Andes mwaka 1972: watu 45, wakatoka hai 16 baada ya siku 72. Imetengenezwa vizuri sana, ila kwangu inafuata nyuma ya hizo.

Swali kwa mleta mada. Hadithi ya Wasenegali, watu wanaongea Kiwolofu, bendera Italia, mwongozaji Mwitaliano Matteo Garrone. Huoni shida? Sisi Watanzania tulipeleka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji mwaka 2022, Kiswahili chetu, Zanzibar yetu, haikufika tano bora. Mimi hilo linaniuma.

Mkongwa_Makole
Linaniuma na mimi, mkuu, na sitalitetea. Vuta N'kuvute ilikuwa filamu yetu ya pili tu kupelekwa Oscar, ya kwanza ni Maangamizi mwaka 2001. Miaka ishirini katikati, kimya. Lakini Garrone aliijenga hadithi kwa masimulizi ya watu waliopita njia ile, na vijana wale wawili ni Wasenegali kweli. Seydou Sarr, anayeigiza Seydou, alipewa tuzo ya mwigizaji chipukizi kwenye tamasha la filamu la Venice. Uso wake unabeba filamu nzima.

@Binti_Nzuguni nimerudia kwa hedifoni kama ulivyosema. Nakubali, sikuwa nimeisikia. Bado nasimama pale pale.

Binti_Nzuguni
Sawa kaka. Wazee wa nyumbani umewaonyesha hiyo Io Capitano?

Mkongwa_Makole
Nilimwonyesha baba Jumapili, namtafsiria pole pole. Alikaa hadi mwisho bila neno. Alipoinuka aliuliza kitu kimoja tu, kama kuna aliyerudi kumzika yule mama wa jangwani.