Mitungi ya Dave: mali ya makumbusho au ya uzao wake?

Wakuu, nausema msimamo wangu mapema: mtungi uliofinyangwa na mtumwa ni mali ya uzao wake, hata kama makumbusho yana risiti halali.

Kwa asiyemfahamu, David Drake, maarufu kama Dave, alikuwa mfinyanzi wa Edgefield, jimbo la South Carolina, Marekani, aliyezaliwa utumwani mwanzoni mwa karne ya 19. Alifinyanga mitungi mikubwa ya kuhifadhia nyama. Mmoja wa mwaka 1859, alioufinyanga kwa kusaidiana na mwenzake, unabeba kama galoni 40. Sheria ya jimbo ya mwaka 1834 ilikataza kumfundisha mtumwa kuandika. Dave aliandika jina lake, tarehe na hata mashairi kwenye udongo ungali mbichi. Mtungi wa Agosti 16, 1857 unasema: najiuliza wako wapi ndugu zangu wote, urafiki kwa wote, na kwa kila taifa. Kila nikifika kwenye "ndugu zangu wote" nakwama.

Siku sita baadaye aliandika kwenye mwingine kwamba ameufinyanga kwa ajili ya fedha taslimu. Fedha ambayo kisheria haikuwa yake! Huo ulinunuliwa mwaka 1997 na Museum of Fine Arts ya Boston. Mwaka 2025 makumbusho hayo yalikubali kurudisha umiliki wa mitungi miwili kwa uzao wa Dave, kisha yakaununua huu upya kutoka kwao. Wa pili umebaki pale kwa mkopo. Mengine yanangoja nini? Mwaka 2021 mtungi wake mmoja uliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.56.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, heshima kwako, ila unachanganya mambo. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, ilichukuliwa na wakoloni na iko British Museum. Ule ni unyang'anyi, wenyewe hawakuipeleka sokoni. Mitungi ya Dave ilifinyangwa ili iuzwe, na imepita mikono mingi. Ukimdai mnunuzi wa mwisho unamwadhibu asiye na kosa. Na viti, makabati, vyombo vya fedha vilivyotengenezwa na watumwa wasiojulikana majina, utavirudisha kwa nani? Halafu uzao wa mtu wa 1857 ni ukoo mzima. Nani ashike mtungi?

Mleta mada:
Ilifinyangwa iuzwe, sawa, lakini muuzaji alikuwa nani? Mkono ulioufinyanga nao ulikuwa mali ya mtu.

Mtazame Harriet Powers, aliyezaliwa mtumwa Georgia mwaka 1837. Baada ya uhuru alishona mfarishi wa viraka wenye visa vya Biblia. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, aliutaka, akakataa kuuza. Hali ilipombana akarudi mwenyewe, akataka dola 10, akapewa 5. Baadaye alikwenda zaidi ya mara moja kwa yule mwalimu kuutazama tu. Leo uko kwenye makumbusho ya Smithsonian. Inaniuma sana, lakini sidai urudishwe, kwa sababu alikuwa na nafasi ya kukataa na mara ya kwanza aliitumia. Dave hakuulizwa.

Kuhusu wingi wa warithi, mkuu, mirathi ya watu wengi si jambo geni kwetu. Nani aliwahi kusema shamba la babu libaki kwa jirani kwa kuwa wajukuu ni wengi? Wasio na majina ni kesi ngumu kweli, ila ugumu wa kesi yao haufuti haki ya Dave, aliyetia saini.

Mchangiaji wa pili:
Kaka, kwenye Powers umeteleza. Dola 5 kwa mtu aliyeishiwa ni bei, au ni shida imeshika kalamu? Kama risiti haitoshi kwa Dave, kwa nini itoshe kwake?

Mleta mada:
Dada, hapo umenibana na sitakwepa. Bado naona tofauti kati ya aliyebanwa na aliyemilikiwa. Ila kibao kilicho kando ya mfarishi kitaje dola 10 alizotaka na 5 alizopewa, kwa herufi zilezile za jina lake. Na kama uzao wake wanadai zaidi ya kibao, ningependa wasikilizwe kwanza kabla yangu.